Picha ya Moyo kwa Sumaku: Nani Anaihitaji?

Mwezi uliopita mama mmoja wa shamba alinijia na barua mkononi.

"Shikamoo mama. Nimeshapigwa eko Mnazi Mmoja, sasa naambiwa nikapigwe na MRI. Si kunimalizia pesa tu huku?"

"Marahaba mwanangu. Hebu kaa kwanza."

Swali lake ni la haki. Eko ni picha ya mawimbi ya sauti. Huonyesha moyo unavyosukuma damu na kama vali zinafunga sawasawa. Wagonjwa wetu wengi wana presha ya juu, au vali zilizoharibiwa na homa iliyoanzia kooni utotoni. Kwao eko kwa kawaida inatosha. Usiuze ng'ombe kwa ajili ya MRI ambayo daktari hakuiandika!

Lakini mama huyu alipata shtuko la moyo mwaka jana. Hapo MRI ina kazi. Haitumii mionzi kama eksirei, bali sumaku yenye nguvu zaidi ya mara 30,000 kuliko sumaku ya dunia, nayo huitazama nyama yenyewe ya moyo. Mgonjwa huchomwa dawa maalumu mshipani. Baada ya dakika 10 hivi, penye kovu hung'aa meupe, na nyama iliyo hai hubaki nyeusi. Ukuta ukiwa umegeuka kovu tupu, kuzibua mshipa hakutaufufua. Ukiwa umelala tu, unaweza kurudisha nguvu. Daktari anataka kulijua hilo kabla ya kumpasua mtu.

Mweleze mtaalamu kama una betri ya moyo, chuma chochote mwilini, ugonjwa wa figo au ujauzito. Betri nyingine za siku hizi zinaruhusiwa, ila mwamuzi ni yeye. Vua bangili, saa, pini za mtandio, hata medali ya Bikira Maria (najua wanaoificha). Ndani ni pembamba, pana makelele, na utaambiwa ubane pumzi mara kwa mara. Yaweza kufika saa nzima.

Kutoka Unguja wagonjwa wa moyo hupelekwa pia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 pale Muhimbili, Dar es Salaam. Chukua majibu ya eko na dawa zako zote. Mama yule alitaka kuyaacha majibu kabatini yasije yakalowa botini. Nikampa bahasha ya kuyatia.