Ujuzi mkononi, karatasi hakuna: kilio cha mafundi wa mpakani

NILIVUKA daraja la Rusumo Agosti 2013 nikiwa na begi la nguo na miwani ya kuchomelea. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaukumbuka mwezi ule. Maelfu ya Wanyarwanda tulitoka Karagwe, Ngara na kwingineko mkoani Kagera baada ya Tanzania kuamuru wahamiaji wasio na vibali waondoke. Wengine walivuka na ng'ombe, wengine waliacha hata sufuria jikoni.

Mimi nilijihesabu mwenye bahati. Mashine haikuwa yangu, ilikuwa ya fundi wangu. Ujuzi ulikuwa mkononi, na mkono nilikuwa nimeuvusha.

Haukuisha mwezi nikajua nilijidanganya. Kwenye saiti moja ya ujenzi msimamizi aliniuliza cheti. Nikamweleza kuwa nimechomelea milango na madirisha kwa miaka sita, mitatu nikijifunza na mitatu kwa malipo. Akanijibu, "Hayo ni maneno." Nikapewa kazi ya kubeba saruji.

Siku ya tatu kijana mwenye cheti alitoboa bomba jembamba mara mbili, maana aliuweka umeme wa mashine juu mno. Akanifuata pembeni kuniuliza. Nikamwonyesha. Jioni alilipwa karibu mara tatu ya malipo yangu.

Kijana yule simlaumu, na hata msimamizi simlaumu sana. Angejuaje? Kosa lilianzia gerejini nilikojifunza.

Baba alimpa fundi mbuzi mmoja na fedha kidogo, wakashikana mikono, basi. Mwaka wa kwanza nilifagia, nilichemsha chai, nilishika chuma wakati wengine wakikata. Mwaka wa pili nikaruhusiwa kubandika vipande kabla fundi hajachomelea mwenyewe. Mwaka wa tatu nikapewa lango zima. Hakuna aliyeandika popote kuwa nilianza lini au ninajua nini. Kuiva kwako aliamua fundi, na akikuhitaji bado, basi hujaiva. Wenzangu watatu waliondoka kabla ya kumaliza, na leo hakuna wa kuthibitisha kuwa waliwahi kushika mashine.

Uanagenzi wa kuandikishwa ndio dawa ya jambo hili, nao si uvumbuzi mpya. Ujerumani ina sheria yake tangu mwaka 1969, na fani zinazofundishwa kwa mtindo huo ni zaidi ya 300. Kijana husaini mkataba na mwajiri, mkataba unasajiliwa, hulipwa posho, hugawa siku zake kati ya karakana na shule, na mwisho hufanya mtihani mbele ya watu wasio mabosi wake.

Huku kwetu, Tanzania ilitoa mwongozo wake wa uanagenzi mwaka 2017. Kenya ina mitihani ya ufundi ya daraja la tatu hadi la kwanza chini ya NITA, na waajiri huchangia sh. 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Rwanda ilipitisha sera ya mafunzo mahali pa kazi mwaka 2015, na tangu 2020 vyuo vya ufundi vinasimamiwa na RTB iliyochukua nafasi ya WDA.

Upo pia utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mitaani. Chama cha wafanyakazi wa ujenzi, STECOMA, kimewasaidia wengi kupitia njia hiyo. Mimi ni mmoja wa waliopimwa: wapimaji walisimama nyuma yangu, nikakata, nikapima pembe, nikachomelea, wakauliza maswali ya usalama. Kazi ya siku moja ilinipa nilichokosa kwa miaka. Lakini kupima ni kufukuzia yaliyopita. Kijana anayeanza leo hana sababu ya kusubiri kama nilivyosubiri mimi.

Kwa sisi tunaoishi kwa kuvuka mpaka kuna jambo jingine. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inazitaka nchi wanachama katika kifungu cha 11 kutambuliana vyeti, na inataja hata uzoefu uliopatikana katika nchi nyingine. Uzoefu! Neno zuri, ila uzoefu ambao haukuandikwa popote, afisa atautambua vipi? Mwenye gunia la mchele ana karatasi ya kuonyesha mpakani. Mwenye miaka sita ya ufundi hana.

Mafundi wenzangu wana wasiwasi, nami siwacheki. Mmoja aliniambia waziwazi, "Nikimwandikisha kijana, kesho analetwa mtu wa kodi." Mwingine anahofia kumfundisha mtu miaka mitatu kisha akafungue karakana mkabala na yake. Na posho itatoka wapi kwa fundi mwenye mashine moja? Kenya mwajiri aliyefundisha anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama kutoka kwenye ule mchango. Bila kitu cha namna hiyo, uandikishaji utabaki wa kampuni kubwa, na vijana wengi wako kwetu sisi wadogo.

Mwaka huu nimepokea mwanagenzi, mtoto wa mama anayeleta mchele kutoka Benaco. Kabla ya kusaini mama yule aliuliza akiungua nani atampeleka hospitali. Nikamwonyesha kifungu: ni mimi. Akauliza kama karatasi itasomeka ng'ambo ya daraja. Nikamwambia kila kazi itaingia kwenye daftari kwa tarehe na sahihi, nalo alitunze kama anavyotunza stakabadhi zake.

Akausoma mkataba tena, polepole, kidole kikifuata mstari.

"Fundi," akasema, "hapa pa tarehe ya kumaliza mbona pako wazi?"

Nikachukua kalamu nikajaza.