Kemikali Zinazoikaza Hofu Ubongoni

Mtu akiumwa na nyoka, kumbukumbu ya tukio hilo haikamiliki papo hapo. Hujengwa na kemikali kwa saa kadhaa, hata baada ya nyoka kutokomea.

Tezi mbili zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, misuli hukaza. Adrenalini hiyo haipenyi kwa urahisi utando unaoukinga ubongo, basi taarifa yake hupitia neva ya vagasi, inayounganisha viungo vya kifua na tumbo na shina la ubongo. Ikifika huko, kundi dogo la seli huachilia noradrenalini, nayo huenea hadi amigdala, sehemu yenye umbo la lozi iliyomo ndani ya ubongo, moja kila upande.

Humo mchakacho wa majani na maumivu ya jino la nyoka hufungwa fundo moja. Kinachofunga ni kemikali iitwayo glutameti. Baadhi ya vipokezi vyake hufunguka pale tu ishara mbili zinapokutana kwa wakati mmoja, na kuruhusu kalsiamu kuingia kwenye seli. Protini mpya hutengenezwa, na njia kati ya seli hizo huimarika. Noradrenalini hulikaza fundo zaidi. Kotisoli, homoni inayopanda dakika chache baadaye, husaidiana nayo. Wahenga waliliona tokeo lake bila maabara: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Katika maabara ya James McGaugh huko Irvine, California, panya waliodungwa adrenalini mara tu baada ya funzo la kutisha walilikumbuka vizuri zaidi. Waliocheleweshewa sindano hawakupata faida hiyo. Mwaka 1994 Larry Cahill, McGaugh na wenzao waliwageukia binadamu. Waliwaonyesha picha zilizoambatana na hadithi ya mtoto anayegongwa na gari. Baadhi yao walikuwa wamemeza propranololi, dawa ya shinikizo la damu inayoziba baadhi ya vipokezi vya adrenalini na noradrenalini. Wiki moja baadaye, wasiomeza dawa waliikumbuka ajali kuliko sehemu nyingine za hadithi. Waliomeza hawakuwa na tofauti hiyo. Hadithi isiyo na ajali makundi yote mawili yaliikumbuka sawasawa. Hili ni jambo kubwa: dawa haikudhoofisha kumbukumbu kwa jumla, iliondoa tu nyongeza inayoletwa na mshtuko.

Mwaka 2000, huko New York, Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux walionyesha kwamba panya akikumbushwa hofu ya zamani, fundo hulegea na kuhitaji protini mpya ili likaze tena. Protini hizo zikizuiwa ndani ya amigdala, hofu hupungua sana.

Tiba ya kawaida ya hofu hupita njia nyingine. Mgonjwa hukutanishwa kidogo kidogo na kile anachokiogopa, mahali salama. Fundo la zamani halifunguliwi. Ubongo hujifunza somo jipya la usalama, nalo pia hutegemea glutameti. Ndiyo sababu sikloserini, dawa ya kifua kikuu sugu inayochochea vipokezi vya glutameti, imejaribiwa pamoja na tiba hiyo, japo faida yake imekuwa ndogo. Hofu huweza kurudi mgonjwa akikutana na kilekile mahali tofauti na pale alipotibiwa.