Seli Haikai Sakafuni

Sogea hapa, mwanangu, na mwenzako naye asogee. Leo nina hadithi ya mgeni mwenye masharti. Mgeni mwenyewe ni mdogo, hata jicho lako halimwoni. Anaitwa seli.

Mwili wako umejengwa kwa seli. Ngozi ni seli, ini ni seli, moyo ni seli. Nyingi kati ya hizo haziogelei ovyo humo ndani. Kila moja imeshika kitu.

Basi, mtaalamu wa maabara akataka kuziona seli zinavyoishi. Akazitia kwenye kisahani cha plastiki. Akazipa maji yenye sukari, chumvi na kila kinachofaa kuliwa na seli. Akaziwekea joto la nyuzi 37, lile lile la mwili wako. Seli zikashuka chini. Zikapapasa plastiki, zikakuta utelezi. Zikajikunja. Zikaelea. Zikafa.

"Mbona zife, mjomba, na chakula kipo?"

Ah, swali zuri hilo! Wakubwa wengi wangelipita. Zilikufa kwa kukosa pa kushika. Seli za namna hii zikikosa pa kushika, hujiua zenyewe. Mwilini jambo hilo lina faida, maana seli iliyong'oka kwake haiendi kuota pasipoihusu. Kwenye kisahani, hasara tupu. Mgeni huyu hakai sakafuni. Mtandikie mkeka.

"Mkeka wa seli?"

Naam. Pasipo mkeka, seli haikai. Mwilini mkeka umeshatandikwa, umesukwa kwa protini nyingi: kolajeni, laminini, fibronektini na nyingine. Leo nataka umsikilize mmoja wao tu. Mwache ajieleze mwenyewe.

"Hamjambo, watoto? Naitwa vitronektini. Nimo ndani yenu hivi sasa. Ini ndilo linalonisuka kwa wingi, kisha linaniachia nizunguke na damu. Mmewahi kumwona bibi akisuka ukili? Miyaa inapishana, ukili unarefuka, mwishowe unashonwa kuwa mkeka. Nami ni ukili. Miyaa yangu inaitwa asidi amino. Ninayo 459, na kila mmoja una zamu yake. Sasa hesabu toka mwanzo. Ukifika wa 45 ni arginini, wa 46 glisini, wa 47 aspartati. Hapo! Hapo ndipo seli inaponikamata. Na niwape siri. Zamani watu wa maabara walichanganya chakula cha seli na majimaji ya damu ya ndama, na seli zikashika plastiki vizuri tu. Wakadhani plastiki inatosha. Kumbe kwenye damu ile nilikuwamo mimi, nimeshajitandika!"

Umemsikia anavyojisifu? Mwache, ana haki.

"Lakini mjomba, seli ina mikono?"

Inayo. Inaitwa integrini. Upande mmoja umechomoza nje ya seli, upande wa pili uko ndani. Ikiukuta ule utatu wa arginini, glisini na aspartati kwenye ukili, inafumba. Mara habari zinafika ndani: tumeshika, tuishi. Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti, waliokuwa wakifanya kazi Marekani, walionyesha umuhimu wa utatu huo mwaka 1984. Walikuwa na fibronektini, ukili mrefu wa asidi amino zaidi ya 2,000. Wakajiuliza seli inashika wapi hasa. Wakajaribu kipande kifupi, kikashikwa. Wakajaribu kifupi zaidi, kikashikwa. Mwisho wakabaki na miyaa michache mno, na katika hiyo ni ule utatu usiokubali kubadilishwa. Baadaye utatu huo huo ukaonekana kwa rafiki yetu vitronektini.

Sasa tufike kwa mgeni mwenye masharti kuliko wote, seli shina. Huyu bado hajaamua atakuwa nani. Kesho anaweza kuwa seli ya moyo, au ya neva, au ya ini. Mwaka 1998 James Thomson na wenzake huko Wisconsin, Marekani, walifanikiwa kuotesha seli shina za kiinitete cha binadamu. Walizitandikia nini? Seli hai za panya! Baadaye wengine wakatumia rojo lililokamuliwa kutoka uvimbe wa panya. Seli zilikaa, tena vizuri. Tatizo ni kwamba mkeka wa namna hiyo una protini chungu nzima, na mchanganyiko wake hubadilika toleo hadi toleo. Mgeni akianza vituko, utamlaumu nani, yeye au mkeka? Mimi nawaunga mkono waliosema hapana, tunataka mkeka ambao kila mwaa wake unajulikana.

"Si wachukue vitronektini kwenye damu ya watu?"

Wanaweza, na wapo waliofanya hivyo. Ila damu lazima itolewe na mtu, na damu inaweza kubeba maradhi. Ikawa heri kutafuta msusi mwingine.

Nani? Bakteria! Yule wa matumboni, Escherichia coli. Mpangilio wa kusuka kila protini umeandikwa kwenye jeni. Wanasayansi walichukua jeni ya binadamu ya vitronektini wakampa bakteria. Bakteria hakuuliza mkeka wa nani. Akasuka. Akipata chakula na joto, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo msusi mmoja asubuhi ni mamilioni jioni. Ujanja huu si mgeni. Mwaka 1978 bakteria walifundishwa kutengeneza insulini ya binadamu. Kama kuna mzee mtaani kwenu anayechoma insulini, huenda anatumia kazi ya msusi huyu. Baada ya hapo bakteria hupasuliwa, protini ikatolewa na kusafishwa mpaka ibaki peke yake.

Mwaka 2011 timu ya Thomson ikatangaza jambo lililonifanya nicheke. Walikata kipande cha mwanzo wa vitronektini, wakauacha ule utatu mahali pake. Seli shina zikaupenda mkeka uliopunguzwa kuliko ule mzima!

"Unatandikwaje, mjomba?"

Kichupa hutolewa kwenye baridi kali, protini ikayeyuka, ikazimuliwa kwa maji ya chumvi. Ukimimina kisahanini unaona maji matupu. Unaacha saa nzima. Protini zinatua zenyewe na kuganda kwenye plastiki. Eneo la sentimita moja ya mraba, kama ukucha wa kidole chako, linatosheka na nusu ya maikrogramu. Gramu moja ina maikrogramu milioni moja, basi piga hesabu! Unamwaga maji yaliyobaki, lakini usiache pakauke. Kisha seli zinaingia. Kwenye hadubini kwanza utaona viduara vinang'aa. Rudi kesho. Viduara vimelala, vimetandaa, kingo zake zimenyooka kila upande. Wamekaa wageni. Pasipo mkeka, seli haikai. Penye mkeka, inajinyoosha.

"Zikijaa kisahani kizima?"

Huhamishwa, na wala hazivutwi kwa nguvu. Integrini hushika kwa msaada wa kalsiamu na magnesiamu. Mtaalamu anamimina dawa iitwayo EDTA, inayoyakamata madini hayo. Mkono unalegea, seli zinaachia, zinakwenda kwenye kisahani kipya kilichokwisha kutandikwa.

"Na mkeka wa zamani?"

Hutupwa pamoja na kisahani chake. Najua unachotaka kuuliza sasa, maana nimeona unavyolitazama goti lako. Hapana, huwezi kupaka ile ya kichupa kwenye kidonda. Lebo yake imeandikwa kwamba ni ya utafiti tu, si ya kutibia watu. Tena huihitaji. Ulipoanguka jana, vitronektini iliyomo kwenye damu yako ilifika gotini kabla hujaacha kulia.