Hamira Isiyosikia Dawa

Tukitaja hamira, wengi wenu mtafikiria maandazi. Lakini zipo hamira nyingine, za jamii ya kuvu, ziletazo maradhi. Ile ya utando mweupe kinywani mwa mtoto mchanga, Candida albicans, tumeizoea, na kwa kawaida hutibika. Leo tumtazame ndugu yake, Candida auris.

Ilielezwa mara ya kwanza mwaka 2009 huko Japani, baada ya kupatikana sikioni mwa mgonjwa. Auris kwa Kilatini ni sikio. Miaka michache baadaye ilikwisha kuonekana katika mabara kadhaa. Hapa kwetu Afrika Mashariki, utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha kuwa katika hospitali moja ya rufaa jijini Nairobi, hamira hii iliongoza miongoni mwa jamii za Candida zilizokutwa katika damu ya wagonjwa.

Je, ukali wake uko wapi? Albicans hurefusha nyuzi zinazopenya nyama ya mwili. Auris kwa kawaida haina nyuzi hizo. Silaha yake ni kung'ang'ania. Hukaa juu ya ngozi ya mtu bila kumdhuru, hukaa kitandani na kwenye vyombo kwa majuma, ikimngoja mgonjwa dhaifu aliyetiwa mpira mshipani. Ikiingia katika damu, huua wengi.

Jambo la pili ni dawa. Flukonazoli, kidonge kinachotegemewa kwa urahisi wake, mara nyingi haifui dafu. Huko Marekani, yapata sampuli 9 kati ya 10 zimeonekana kuishinda. Amfoterisini B nayo hushindwa mara kadhaa. Dawa za sindano ziitwazo ekinokandini bado huiweza kwa kawaida, lakini ni ghali.

Ndiyo maana maabara ni ngao ya kwanza. Hamira hii ikitajwa kwa jina la nyingine, mgonjwa hupewa dawa isiyofaa na siku zake zinapotea. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka kati ya kuvu nne za hatari ya juu kabisa.

Wauguzi na wageni wa wodini, tusafishe mikono. Vitanda visuguliwe kwa klorini, maana baadhi ya dawa za usafi haziiui. Nasi tusidai antibiotiki kwa kila homa, kwani huua bakteria wema wanaozizuia hamira. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu yuko hata shukani.