Kriki huinua, hailindi

Ndugu mfanyakazi, kamyoneti yako imeinama mbele, nawe unataka kuipandisha nyumbani siku ya mapumziko? Soma kwanza.

Katika kamyoneti nyingi, kama Mitsubishi L200 4x4 za miaka ya 1990, uzito wa mbele unabebwa na vyuma viwili virefu vinavyojipinda, kimoja kila upande. Buloni iliyo mwisho wa kila chuma ndiyo inayopandisha au kushusha.

Simamisha motokari pahali sawasawa, uzuie magurudumu ya nyuma. Inua kwa kriki, kisha tegemeza shasi juu ya miguu miwili ya chuma. Matofali hapana, yanapasuka! Kaza buloni, ukihesabu mizunguko, pande zote sawa. Shusha, endesha kidogo, ndipo upime. Usizidishe: motokari iliyo juu mno hupinduka upesi, hasa ikibeba watu nyuma. Mwishoni fundi apime magurudumu na taa.

Mimi msaidizi wa daktari nakueleza sababu. Kifua kikibanwa chini ya motokari, mbavu hazipanuki, pumzi inakatika. Dakika chache tu, ubongo unaanza kufa. Hapo sindano haina kazi.

Nawe mama, watoto wasicheze karibu, na baba asifanye kazi hiyo peke yake. Akibanwa, msimvute: inueni motokari kwanza, mwingine akimbilie dispanseri.

Buloni yaweza kungoja hadi kesho. Pumzi haingoji.