Vishikwambi na Kufundishana kwa Wanafunzi Mkoani Tanga

Mkoa wa Tanga ulikuwa uwanja wa jaribio kubwa la elimu la shindano lililoitwa Global Learning XPRIZE, jaribio ambalo lilisimamiwa kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi, yaani kompyuta bapa zinazoendeshwa kwa kugusa kioo, vikiwa na programu za kufundishia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na vikichajiwa kwa umeme wa jua. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019, programu za Kitkit School na onebillion zilishinda shindano hilo na kugawana tuzo ya dola milioni 10.

Kishikwambi kama hicho kikitumika darasani, hufaa zaidi kinapoambatana na kujifunza kwa rika, yaani utaratibu ambao wanafunzi hufundishana wao kwa wao, kwa kuwa anayeeleza hulazimika kupanga upya anachokijua, na anayeelezwa huuliza bila woga. Hata hivyo, kioo hakichukui nafasi ya mwalimu: yeye ndiye anayepanga vikundi, anayesahihisha makosa na anayehakikisha kwamba mtoto mmoja hakihodhi kifaa huku wenzake wakitazama tu.