Mshipa Upi Utauokoa Moyo?

Wengi hudhani kwamba moyo hauwezi kukosa damu kwa vile umejaa damu daima. Kumbe sivyo! Nyama ya moyo hulishwa na ateri zake zenyewe, nyembamba, zinazoutambaa kwa nje. Zikijaa mafuta na kuziba, sehemu ya moyo hufa njaa.

Hapo daktari mpasuaji hufanya kama dereva wa matatu akutaye lori limepinduka barabarani: hutafuta mchepuko. Huchukua mshipa wa mgonjwa mwenyewe kutoka mahali pengine, akaushona ili damu ipite kando ya kizibo. Swali ni: achukue upi?

Ulio rahisi ni vena ndefu ya mguuni, itokayo kwenye kifundo hadi kwenye kinena. Daktari René Favaloro, Muargentina, aliitumia mwaka wa 1967 huko Cleveland, Marekani, na sifa zake zikaenea. Yatosha michepuko mitatu minne, na mguu huendelea bila hiyo. Lakini kuna mambo. Vena ina vali, kama tulivyosoma katika Biolojia, kwa hivyo lazima igeuzwe juu chini, la sivyo vali zitaifungia damu njia. Tena imezoea damu ya polepole. Ukiipeleka penye kishindo cha ateri, ukuta wake hunenepa. Baada ya miaka 10, karibu nusu ya vena hizo huwa zimeziba. Hebu fikiria baba wa miaka 45 mwenye watoto shuleni: huenda akapasuliwa tena akiwa na 55!

Ndiyo maana mimi naona malkia ni ile ateri iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, upande wa kushoto. Hii haing'olewi kabisa. Mwisho wa chini tu ndio hukatwa na kushonwa kwenye ateri ya mbele ya moyo. Kishindo imekizoea tangu kuzaliwa, na mafuta hayaishiki kwa urahisi. Baada ya miaka 10, zaidi ya 9 kati ya 10 huwa wazi bado. Basi mbona wasichukue na ya kulia? Huchukuliwa, ila zikitolewa zote mbili kidari hupungukiwa damu, na mwenye kisukari aweza kupata kidonda kisichotaka kupona.

Iko pia ateri ya mkononi, ile muuguzi huipapasa akihesabu mapigo. Kwanza mgonjwa hukunja ngumi, daktari akabana ateri zote mbili za kifundo, kisha akaachilia iliyo upande wa kidole kidogo. Kiganja kikirudia wekundu wake upesi, mkono utaweza kuishi bila ile nyingine. Hutolewa mkono usioandika. Mgonjwa wa figo, hata hivyo, huachiwa yake, maana huenda mkono huo ukahitajika kwa mashine ya kusafisha damu.

Na aliyeletwa mahututi usiku? Huyo mara nyingi hupewa vena ya mguu, kwa kuwa hutolewa haraka.